Uchambuzi wa kisa: Duka la vifaa vya ujenzi Dodoma lilivyohamishia hesabu zake mtandaoni

Kisa hiki ni cha biashara moja ya vifaa vya ujenzi jijini Dodoma, kuanzia Oktoba 2023 hadi Juni 2024. Majina yameondolewa, na baadhi ya tarakimu zimezungushwa ili biashara isitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

## Mazingira ya biashara

Mwenye biashara ni mama mmoja, hana kampuni. Anafanya biashara kwa jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Duka la kwanza liko mjini, upande wa Majengo. La pili lilifunguliwa upande wa Ihumwa kufuata ujenzi wa Mji wa Serikali Mtumba na nyumba za watumishi waliohamia Dodoma. Stoo kuu iko Kizota. Wafanyakazi ni 9: makeshia wawili, wauzaji, mtunza stoo, dereva wa kirikuu na vibarua wa kudumu. Kwa kuwa hawafiki 10, biashara haikuwa inalipa tozo ya SDL (ya kuendeleza ufundi stadi), lakini PAYE (kodi ya mishahara) na michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) vilikuwa vinahusika kila mwezi.

Mauzo ya mwaka yalikuwa yameshavuka shilingi milioni 200, kiwango kinachomlazimu mfanyabiashara kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tangu Julai 2023, na duka lilikuwa limesajiliwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Kwa hiyo kila mwezi, kufikia tarehe 20, ritani ya VAT ya mwezi uliopita ilipaswa kuwa imewasilishwa na kodi imelipwa. Kila duka lilikuwa na mashine yake ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi.

Wateja walikuwa wa aina tatu. Wa kwanza ni wa taslimu na lipa namba, wanaonunua misumari kilo mbili na mfuko wa saruji. Wa pili ni mafundi wanaochukua mzigo kwa mkopo kwa niaba ya mwenye nyumba. Wa tatu ni taasisi, hasa miradi ya shule na zahanati ya halmashauri, zinazolipa kwa ankara baada ya wiki kadhaa. Mchanganyiko huu ndio ulioleta ugumu wote unaofuata, maana kila aina ina njia yake ya malipo na makosa yake.

## Vitabu vilivyokuwepo

Kila duka lilikuwa na kaunta buku ya mauzo na daftari la madeni. Stoo ya Kizota ilikuwa na daftari lake la mzigo unaoingia na kutoka. Mjini kulikuwa na kompyuta moja ya mezani yenye programu ya uhasibu ya kusakinisha, na mhasibu wa nje, aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu), alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kuingiza kila kitu kutoka kwenye makaratasi.

Utaratibu huu ulikuwa na kasoro tatu ambazo hakuna aliyeziona kwa sababu hakuna aliyekuwa anaziangalia kwa pamoja.

Ya kwanza ni mauzo kuhesabiwa mara mbili. Mteja akilipa kwa lipa namba, keshia aliandika mauzo. Mwisho wa wiki pesa ilihamishwa kutoka lipa namba kwenda benki, na mhasibu akiona kwenye taarifa ya benki shilingi milioni mbili zimeingia bila maelezo, aliziandika tena kama mauzo. Mauzo ya vitabu yakawa makubwa kuliko jumla ya ripoti za Z (muhtasari wa mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD, na tofauti hiyo ilikuwa inafutwa mwisho wa mwaka kwa marekebisho yasiyo na kielelezo.

Ya pili ni makato ya zuio. Chukua ankara ya taasisi ya umma ya shilingi 11,800,000: bei ni 10,000,000 na VAT ni 1,800,000. Wakati huo taasisi ilizuia asilimia 2 ya bei kabla ya VAT, yaani 200,000, na kulipa 11,600,000. Kwenye daftari la madeni zile 200,000 zilibaki zikisomeka kama deni la halmashauri. Kumbe ni kodi ya mapato ya duka lenyewe iliyokwisha kulipwa, na kinachotakiwa ni kuomba hati ya zuio na kuitumia kupunguza kodi ya mwaka. Hati nyingi hazikuwahi kufuatiliwa.

Ya tatu ni nondo, na hii inastahili kuelezwa taratibu. Nondo zinanunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kinadharia wa kilo 10.66, hivyo tani moja ni vipande 93 au 94. Ya mm 16 ni kama 52 au 53. Ya mm 10 ni kama 135. Lakini uzito halisi hutofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda. Programu ilikuwa inapokea tani, kaunta buku inatoa vipande, na hakuna siku vitu hivyo viwili vilikutana. Nani ajue kama vipande kumi vimeibwa au vilikuwa havijawahi kuwepo?

## Oktoba 2023

Huo ulikuwa msimu wa mgao wa umeme nchini. Jioni moja umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa ndani ya saa moja, na kompyuta ya mezani, isiyokuwa na UPS (betri ya akiba), haikuwaka tena. Fundi alithibitisha kuwa diski imekufa. Nakala rudufu ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya wiki saba nyuma.

Ritani ya VAT ya Septemba ilikuwa bado siku sita. Upande wa mauzo uliokolewa na ripoti za Z, zilizokuwa zimebanwa kwenye faili kila siku. Upande wa manunuzi ulikuwa mgumu zaidi. Ili kudai VAT ya manunuzi, lazima uwe na risiti ya EFD yenye TIN (namba ya mlipakodi) na namba ya VAT ya mnunuzi. Risiti zilikuwepo, zimejaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati chini ya bati, na joto lilikuwa limezifuta. Karatasi ya EFD ni ya kuchapwa kwa joto; ukiiacha kwenye joto maandishi hupauka au karatasi nzima hugeuka kijivu. Risiti kadhaa za mabati na rangi zilibaki nyeupe kabisa. Wauzaji wawili wa jumla walikubali kutoa nakala, mmoja hakujibu. VAT ya ankara zake haikudaiwa mwezi huo. Sheria inatoa nafasi ya kuidai ndani ya miezi 6, na ilikuja kupatikana baadaye, lakini Oktoba ile duka lililipa kodi kubwa kuliko ilivyostahili, kwa pesa iliyokuwa imepangwa kununua saruji.

## Machaguo yaliyokuwa mezani

Chaguo la kwanza lilikuwa kununua kompyuta nyingine na diski ya nje ya kuhifadhi nakala. Ni rahisi, lakini lingeacha tatizo kubwa palepale: mtu mmoja, mara moja kwa mwezi, akiingiza mambo yaliyofanywa na watu tisa.

La pili lilikuwa Excel kwenye hifadhi ya mtandaoni. Lilikataliwa kwa sababu Excel haikatazi mtu kufuta mstari, na haijui kwamba kuuza kwa mkopo lazima kuongeze deni na kupunguza stoo kwa wakati mmoja.

La tatu lilikuwa programu ya mauzo ya hapa nchini iliyounganishwa na VFD, yaani risiti ya kodi inayotoka kwenye programu bila mashine. Ilivutia, ila ile iliyoonyeshwa ilikuwa na mauzo na stoo tu. Haikuwa na daftari kuu (lenye akaunti zote za biashara) wala usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki.

La nne lilikuwa programu kamili ya uhasibu ya mtandaoni. Zinazojulikana zaidi, kama QuickBooks Online, Zoho Books na Odoo, hutoza kwa mwezi au kwa mwaka, na hesabu hukaa kwenye seva za mtoa huduma. Jina la iliyochaguliwa si muhimu hapa. Vigezo ndivyo muhimu: iwe na stoo zaidi ya moja, iwe na ruhusa tofauti kwa kila mtumiaji, iweke kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, na iruhusu kupakua data yote kwa Excel. Kigezo cha stoo nyingi kiliondoa vifurushi vya bei ya chini, maana vingi vina stoo moja tu. Kifurushi kilichochaguliwa kilikuwa cha takriban dola 50 kwa mwezi kwa watumiaji watano, kama shilingi 125,000 kwa kiwango cha wakati ule.

Mwenye biashara aliuliza swali la msingi: mgao ukiendelea, mtandaoni kutafanya kazi vipi? Jibu lilikuwa kununua kompyuta mpakato mbili zenye betri nzima badala ya za mezani, ruta ndogo yenye betri kwa kila duka, na laini za mitandao miwili tofauti. Na juu ya hayo, vitabu vya nakala vyenye namba mfululizo kwa saa ambazo mtandao umekataa kabisa, kwa sharti kwamba kila karatasi iingizwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata.

Swali la pili lilikuwa la taarifa za wateja. Majina na namba za simu za wadaiwa zingekaa nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika Mei 2023. Iliamuliwa kuingiza jina, simu na TIN pekee, bila namba za vitambulisho wala picha zake.

## Kuhama kwenyewe

Tarehe ya kuanza iliwekwa 1 Januari 2024, kwa sababu mwaka wa kodi wa biashara hii ni wa kalenda na mizania (taarifa ya mali na madeni) ya 31 Desemba ingehitajika kwa vyovyote. Uamuzi wa pamoja na huo ulikuwa kutohamisha miamala ya zamani. Ankara za 2022 na 2023 zilipigwa picha na kuhifadhiwa kwa mwezi, maana kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, lakini ndani ya programu ziliingia salio tu. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Wengi hupoteza miezi wakiingiza historia iliyojaa makosa, kisha makosa yale yale yanahamia kwenye chombo kipya.

Kazi ilikwenda kwa mpangilio huu. Kwanza ilitengenezwa orodha fupi ya akaunti. Kila mahali pesa inapokaa palipewa akaunti yake: droo ya Mjini, droo ya Ihumwa, lipa namba ya kwanza, lipa namba ya pili, benki. Pesa ikitoka lipa namba kwenda benki inaandikwa kama uhamisho, na makato yanakwenda kwenye gharama za miamala. Hapo mauzo ya mara mbili yakafa. Iliongezwa akaunti ya "Kodi ya zuio inayodaiwa" kwa ajili ya ile asilimia 2, na akaunti ya "Matumizi binafsi ya mwenye biashara", kwa sababu ada ya shule ikilipwa kutoka kwenye droo si gharama ya duka.

Pili, madeni. Daftari zote mbili zilisema wateja wanadaiwa shilingi milioni 38. Kila mdaiwa alipigiwa simu na kutumiwa salio lake kwa ujumbe. Milioni 31 zilikubaliwa. Milioni 7 zilibishiwa, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa mizigo ambayo fundi alichukua na mwenye nyumba anasema hakumtuma. Zilizokubaliwa tu ndizo zilizoingia kama salio la wateja. Zilizobishiwa ziliwekwa kwenye akaunti ya pembeni yenye jina la kila mtu, ili zisifutwe kimya kimya wala zisiipambe mizania.

Tatu, stoo. Maduka yalifungwa tarehe 31 Desemba mchana. Watu wawili wawili walihesabu, mmoja akitaja na mwingine akiandika, kisha wakabadilishana. Saruji kwa mfuko, nondo kwa kipande na kwa milimita, mabati kwa geji na urefu, rangi kwa ujazo wa ndoo.

Hapa kulikuwa na uamuzi mgumu kuliko yote. Programu inaweza kupunguza stoo kwa kila kitu kinachouzwa, lakini hiyo inamtaka keshia achague kila msumari kwenye orodha wakati foleni imesimama. Bidhaa zote zilikuwa zaidi ya 600. Ukilazimisha zote, keshia atachoka siku ya tatu na kuanza kuchagua chochote. Iliamuliwa kwamba bidhaa 40 zenye thamani kubwa (saruji, nondo, mabati, rangi, mabomba makubwa, mbao za kupaulia) ziuzwe moja moja kwenye programu. Bidhaa ndogo, kama bawaba, vitasa, misumari na gundi, ziingie kwa jumla moja ya siku kwa kila duka, na zihesabiwe mwisho wa mwezi. Mwisho wa siku jumla ya programu lazima ilingane na ripoti ya Z ya duka hilo, na namba ya risiti ya EFD iandikwe kwenye kila ankara ya mkopo. Ikumbukwe kwamba ankara ya programu ya nje haichukui nafasi ya risiti ya EFD hata kidogo, wala programu haipeleki ritani yenyewe. Tarakimu zinatoka kwenye ripoti na kuandikwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Nne, kila risiti ya manunuzi ilipigwa picha kwa simu siku ile ile na kuambatishwa kwenye ingizo lake. Baada ya boksi la viatu la Oktoba, hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

## Yaliyokwama

Wiki ya pili ya Januari mtunza stoo alimwandikia mwenye biashara: "Shikamoo mama. Nondo za 12 zinasoma sifuri ila vipande tisa vipo hapa naona." Akajibiwa: "Marahaba mwanangu. Hesabu tena, unitumie na picha ya ankara." Ankara ilikuwa ya tani 5, na mhasibu alikuwa ameigeuza kuwa vipande 469 kwa kugawa kilo 5,000 kwa 10.66. Vipande vilivyoshushwa vilikuwa 478, kwa sababu nondo zenyewe zilikuwa nyepesi kidogo. Tangu hapo kanuni ikawa moja: nondo haziingii kwenye programu mpaka zihesabiwe zikishushwa, na bei ya kununulia kipande ni ankara kugawa kwa idadi iliyohesabiwa. Kanuni hiyo ilimpa mtunza stoo kinga pia, maana sasa upungufu ukitokea unajulikana umetokea baada ya kupokea au kabla.

Februari lilikuja tatizo la VAT. Programu ilikuwa imewekwa kodi ya asilimia 18 kwenye manunuzi yote moja kwa moja. Mchanga, kokoto na nauli za guta, vilivyonunuliwa kwa watu wasiosajiliwa VAT, vikawa vinadaiwa kodi ambayo haikuwahi kulipwa. Ilionekana kabla ya ritani kwa sababu mhasibu alilinganisha ripoti ya VAT ya manunuzi na picha za risiti, moja kwa moja. Ingizo lolote lisilo na picha ya risiti ya EFD liliondolewa kwenye dai. Kisha kila muuzaji alipewa kodi yake ndani ya programu: wa asilimia 18, wa msamaha, na asiyesajiliwa.

Machi ilikuwa zamu ya taarifa za benki. Benki za hapa hazikuwa zinaungana na programu moja kwa moja, hivyo taarifa ilipakuliwa kama faili la CSV na kuingizwa. Programu ilikuwa inasoma mwezi kwanza kisha siku. Tarehe 02/03 ikawa 3 Februari badala ya 2 Machi. Tarehe za kuanzia 13 zikakataliwa zote, na hilo ndilo lililoshtua. Kama faili lingekuwa la siku kumi za kwanza tu, lingepita bila kelele. Tiba ni kuweka mpangilio wa tarehe wa programu kuwa siku/mwezi/mwaka kabla ya kuingiza chochote, kuondoa mikato kwenye tarakimu (1,250,000 inaweza kusomwa kama safu tatu), na kuhakikisha taarifa mpya inaanza siku moja baada ya ile ya mwisho ili miamala isijirudie.

Kosa zito zaidi halikuwa la kiufundi. Kwa wiki tano za mwanzo makeshia wote wawili walitumia nywila ya mwenye biashara, kwa sababu kusajili barua pepe ya kila mmoja kulionekana usumbufu. Ankara moja ya mkopo ya shilingi 1,400,000 ilibadilishwa baada ya kuchapwa na kusomeka 1,150,000. Kumbukumbu ya mabadiliko ilionyesha saa na dakika, lakini jina lilikuwa la mwenye biashara. Haikujulikana ni nani, na haikufaa kumtuhumu mtu. Baada ya hapo kila mtumiaji alipata akaunti yake, uthibitisho wa pili kwenye simu yake mwenyewe, na ruhusa zake: keshia anaandika ankara na kupokea malipo, hafuti wala harudishi tarehe nyuma. Kila mwezi ukishapelekwa ritani, kipindi kinafungwa, na anayeweza kukifungua ni mhasibu peke yake.

Na Aprili, siku mbili kabla ya ritani, programu iligeuka kuwa ya kusoma tu. Kadi ya benki iliyolipia ilikuwa imefikia kikomo cha manunuzi ya mtandaoni. Ilitatuliwa ndani ya siku moja, lakini tangu hapo ada inalipwa kwa mwaka, na kila tarehe mosi mhasibu anapakua urari (orodha ya salio la kila akaunti), orodha ya wadaiwa, stoo na daftari kuu kwa Excel na kuhifadhi nje ya programu.

## Matokeo hadi Juni 2024

Hesabu za mwezi, zilizokuwa zinachukua zaidi ya wiki mbili, zilianza kufungwa ndani ya siku nne au tano. Ritani za Aprili na Mei ziliwasilishwa kabla ya tarehe 15. Mauzo ya vitabu na jumla ya ripoti za Z yalitofautiana kwa shilingi mia kadhaa tu kwa mwezi, na kila tofauti ilikuwa na maelezo. Hati za zuio za miradi mitatu zilipatikana na kutumika kwenye ritani ya mapato, iliyowasilishwa kabla ya 30 Juni.

Kwenye madeni, ripoti ya umri wa deni, inayoonyesha kila deni lina siku ngapi, ilibadilisha namna ya kuuza. VAT inadaiwa ankara inapotoka, hata kama mteja hajalipa: fundi akichukua mzigo wa 5,900,000 kwa mkopo, zile 900,000 zinalipwa TRA tarehe 20 ya mwezi unaofuata kutoka mfukoni mwa duka. Mwenye biashara alipoona jumla ya VAT aliyokwisha kuwalipia wateja wasiolipa zaidi ya siku 60, aliweka kikomo cha mkopo kwa kila fundi na kudai ujumbe wa mwenye nyumba kabla ya mzigo kutoka.

Duka la Ihumwa lilionekana kwa mara ya kwanza peke yake. Lilikuwa linaongoza kwa mauzo, na kila mtu aliamini ndilo linalobeba biashara. Kumbe faida ghafi ya mfuko wa saruji ilikuwa kama shilingi 700, na kuutoa Kizota, kuusafirisha na kuushusha kulikula 400. Kuanzia Mei saruji ya Ihumwa inashushwa palepale kutoka kwenye lori la muuzaji wa jumla.

## Uchambuzi

Programu yenyewe haikugundua chochote. Iliyofanya kazi ni hatua ya kumtoa mhasibu kwenye kuingiza data na kumpa kazi ya kukagua. Mtunza stoo aliyeona tofauti ya vipande tisa aliiona akiwa amesimama mbele ya nondo, siku ile ile. Katika utaratibu wa zamani ingeonekana baada ya wiki tano, mezani, na mtu ambaye hajawahi kuziona. Hiyo ndiyo faida ya hesabu kukaa mtandaoni ambayo wauzaji wa programu huitaja kwa nadra. Wao husisitiza kutazama ripoti ukiwa safarini, jambo ambalo mwenye duka hili alilitumia mara chache.

Kuthibitisha madeni kabla ya kuyaingiza kulikuwa na thamani kuliko kipengele chochote cha programu. Kama milioni 38 zingeingia kama zilivyo, mizania ya kwanza ingekuwa na uongo wa milioni 7, na kila ripoti iliyofuata ingejengwa juu yake.

Kugawa bidhaa makundi mawili kulikuwa sahihi kwa 40 za juu. Kwa bidhaa ndogo kulifeli nusu. Hesabu ya mwisho wa mwezi inaonyesha kwamba kuna upungufu lakini haionyeshi ni siku gani wala zamu ya nani, na upungufu wa vitasa na mabomba madogo uliendelea hadi Juni. Hesabu ya wiki kwa rafu mbili zinazopungua zaidi ingegharimu saa moja na kutoa jibu mapema.

Nywila moja ya pamoja ni kosa lililokuwa linazuilika kabisa. Akaunti za watumiaji zinapaswa kuwa kazi ya siku ya kwanza, kabla hata ya orodha ya bidhaa, kwa sababu wiki tano zisizo na majina haziwezi kurudishwa. Mafunzo nayo yalikuwa mafupi mno: siku moja, kwa Kiingereza cha kwenye skrini. Keshia wa Ihumwa alianza kufanya vizuri pale alipoandikiwa kwa Kiswahili ukurasa mmoja wenye hatua tano za ankara ya mkopo, ukabandikwa pembeni ya kaunta.

Gharama ya mwaka wa kwanza, ikijumuisha kompyuta mbili, ruta, bando, ada na saa za ziada za mhasibu, ilizidi bei ya kompyuta mpya na diski ya nje mara kadhaa. Kwa duka moja lenye mauzo ya taslimu pekee, ambalo halijafikia usajili wa VAT, chaguo la kwanza pengine lingetosha. Uzito ulihamia upande wa mtandaoni kwa sababu ya sehemu tatu za stoo, mikopo ya mafundi na ritani ya kila mwezi.

Mpaka Juni mashine za EFD zilikuwa bado hazijaunganishwa na programu, na namba za risiti ziliandikwa kwa mkono. Mwenye biashara alikuwa ameshaomba bei za VFD kwa watoa huduma wawili walioidhinishwa, kwa sharti kwamba waonyeshe kwanza namna ankara ya mkopo iliyorekebishwa inavyoshughulikiwa.